Kibarua na Siku Zake

Neno kibarua lina historia ambayo wengi wanaolitamka kila siku hawaifikiri. Asili yake ni barua, na kibarua ni barua ndogo: kijikaratasi alichopewa mtu asubuhi kiwe ushahidi kwamba amepokewa kazini siku ile, naye akakirudisha jioni alipolipwa ujira wake. Katika Unguja ya karne ya 19 neno lilikuwa limekwisha kuvuka kutoka kwenye karatasi na kumkalia mtu aliyeishika, na watunga kamusi wa zama hizo walilipokea kwa maana zote mbili. Seremala huitwa kwa ufundi wake na mtumishi kwa utumishi wake. Kibarua alipata jina lake kwa hati ya siku moja.

Wengi wa vibarua wa kwanza walikuwa watumwa. Bwana aliyekaa mjini na kuwa na watumwa waliozidi kazi za nyumba yake aliwatoa kwa wafanya biashara, wakachukue mizigo, wapakie karafuu, wasafishe sandarusi au wasaidie waashi. Jioni mtumwa alirudi na ujira, akamkabidhi bwana fungu lake, aghalabu nusu, naye akabaki na nusu ya kujilisha. Kwa sheria alikuwa bado mali ya mtu. Walakini ujira uliokatwa mapande mawili ulimfundisha hesabu ambayo haikusahaulika hata utumwa ulipokwisha: kwamba siku nayo yaweza kukatwa, na kila kipande kikawa na mwenyewe.

Mashambani hesabu hiyo ilikuwa na sura nyingine. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja desturi iliyoenea ilikuwa mtumwa kumfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kuwa zake mwenyewe. Siku hizo alilima kikonde alichopewa, akauza muhogo wake sokoni, akaenda kuwatazama jamaa, akacheza ngoma. Upande wa Malindi kazi ilipimwa kwa ngwe, yaani kipande cha ardhi kilichokatwa kiwe kazi ya siku, na aliyeimaliza ngwe yake mapema aliweka jembe begani akaenda zake. Si haki kuyaita mambo hayo huruma ya mabwana. Utumwa ulikuwa utumwa, na fimbo ilikuwapo. Lakini bwana aliyethubutu kuila Alhamisi ya watu wake alijua kwamba msitu hauko mbali, na kwamba vilikuwapo vijiji vya watoro, kama Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1880, vilivyowapokea waliochoka kuonewa. Siku mbili zile zilipatikana kwa mvutano wa muda mrefu usioandikwa katika mkataba wowote, na kila upande ulijua mpaka wake ulipo.

Historia ya wafanya kazi wa pwani imezoea kuandikwa kwa shilingi: ujira ulikuwa kiasi gani, mgomo gani ulileta nyongeza ipi. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ina upungufu. Mtu haishi ndani ya shilingi. Huishi katika saa na siku zinazobaki baada ya kuipata shilingi, na humo ndimo anamoolea, anamozika, anamouguza mgonjwa wake, anamosali na anamocheka na wenzake. Neno letu la kupumzika limetokana na pumzi yenyewe. Aliyenyimwa mapumziko amenyimwa nafasi ya kuvuta pumzi. Ukizifuata kumbukumbu za bandari, mashamba na migodi kwa kuulizia siku zilizobaki, utaona kwamba ugomvi mkubwa kati ya mwajiri na mfanya kazi ulikuwa juu ya siku hizo, hata pale ambapo karatasi za serikali zilitaja ujira peke yake.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Amri ya 1897 ilimtaka anayeachwa huru aonyeshe mahali pake pa kukaa na njia yake ya kupata riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Hapo dalili ya mambo yatakayofuata ilionekana. Mtawala mpya hakuupenda utumwa, lakini uhuru aliokuwa tayari kuutoa ulikuwa uhuru wa kwenda kazini. Mtu aliyeamua kufanya kazi siku tatu na kukaa kwake siku nne hakuwa na jina jema katika madaftari yake. Aliitwa mvivu.

Mahali ambapo neno hilo lilitumika zaidi ni bandari ya Mombasa. Reli ya kwenda Ziwa Victoria ilianza kujengwa kutoka huko mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 Kilindini ilijengewa magati ya maji ya kina ambayo meli kubwa ziliweza kuegemea bila kungoja matishari. Pamba, kahawa, magadi na bidhaa za kutoka ng'ambo zilipita humo. Lakini meli haina ahadi ya kila siku. Leo huja tatu, kesho haiji hata moja. Kwa sababu hiyo makampuni ya kupakia na kupakua hayakutaka kuwalipa watu mshahara wa mwezi wakae wakitazama bahari. Yalitaka watu wengi langoni kila alfajiri, mnyapara achague anaowahitaji, wengine warudi majumbani bila gharama kwa mtu yeyote ila kwao wenyewe. Kazi ya kibarua ilidumishwa bandarini kwa faida ya mwajiri. Ni jambo la kukumbukwa, maana baadaye mwajiri yule yule ndiye aliyelalamika kwamba kibarua hana msimamo.

Makuli nao waliipata faida yao katika mpango huo. Waliotoka katika vijiji vya Wamijikenda na mitaa ya Waswahili walikuwa na mashamba, minazi, ng'alawa na ndugu. Ujira wa siku moja bandarini ulizidi sana ujira wa siku moja wa mtumishi wa mwezi, hata mtu aliyefanya kazi siku chache aliweza kulipa kodi ya kichwa, akanunua nguo na kurudi kwake kulima mvua zilipokaribia. Maofisa walihesabu siku zake za kazi katika mwezi wakasikitika. Walikuwa na methali tayari, kwa kuwa walijifunza Kiswahili vizuri: kazi mbi si mchezo mwema. Lakini ipo nyingine ambayo hufundishwa shuleni kama sifa ya bidii, na nusu yake ya pili husahauliwa. Mchumia juani hulia kivulini. Kuli wa Mombasa hakukataa jua. Alidai kivuli, tena alidai achague mwenyewe wakati wa kukaa chini yake.

Pasitengenezwe pepo ya kubuni, hata hivyo. Kadiri miaka ilivyokwenda, langoni walisimama watu wengi ambao hawakuwa na shamba karibu na Mombasa. Walitoka Nyanza, Ukambani, Uluguru na hata Unyamwezi. Nyumba zao zilikuwa mwendo wa siku nyingi, na katika Majengo walipanga chumba kimoja watu kadhaa. Kwa mtu huyo siku isiyo na kazi haikuwa kivuli. Ilikuwa siku ya njaa na ya kodi ya chumba inayokaribia. Aliamka gizani, akasimama akitazama uso wa mnyapara, na mnyapara akampita akamchukua wa nyuma yake kwa sababu ya undugu au kwa sababu isiyojulikana. Aibu ya kuachwa langoni hivi, asubuhi baada ya asubuhi, haikuandikwa katika takwimu za kazi, nayo hapana shaka ilikula mioyo ya watu kuliko uzito wa magunia. Siku moja hiyo hiyo, Jumatano ya mwezi wowote wa mwaka 1938, ilikuwa raha kwa kuli mmoja na hofu kwa mwenzake aliyesimama ubavuni mwake. Mwanahistoria anayesimulia hali ya mmoja wao tu amesimulia nusu.

Pande hizo mbili zilikutana katika migomo. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na mwaka ule ule Mombasa ikagoma, ikaundwa tume ya uchunguzi iliyotambua kwamba kodi za nyumba zilikuwa zikiwamaliza watu. Bei za wakati wa vita zikaja juu yake. Dar es Salaam iligoma tena mwaka 1943. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa pamoja, na kwa siku 12 mji ulisimama. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Katika uongozi wao alijitokeza Chege Kibachia, ambaye kabla mwaka haujaisha alikamatwa akahamishiwa mbali, Baringo. Septemba ya mwaka huo mgomo wa Dar es Salaam ulipanda reli hadi bara, na mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja.

Kiwanja cha Maskini chastahili kutazamwa tena kwa jicho la insha hii. Mwandishi wa habari za siasa huona pale chimbuko la vyama vya wafanya kazi, na yuko sahihi. Lakini kwa siku 12 mji mzima ulikuwa na kitu ambacho haukupata kuwa nacho kabla: mapumziko ya pamoja. Kuli, mpishi wa Mzungu, karani wa reli na mfagiaji walikaa mchana kweupe mahali pamoja, hakuna aliyeitwa na kengele, wakasemezana juu ya maisha yao. Walikuwa na njaa. Hata hivyo, malalamiko ambayo kila mmoja aliyabeba peke yake chumbani kama udhaifu wake au bahati yake mbaya yaligeuka pale kuwa habari ya watu wote.

Serikali ilijibu kwa mpango. Wataalamu wa kazi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba kibarua wa siku ni hatari, kwa kuwa hana cha kupoteza, na kwamba dawa ni kumfanya mtu wa kudumu: kazi ya kila siku, mshahara wa kueleweka, nyumba, mke na watoto mjini. Ripoti ya kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 juu ya mishahara ya Waafrika Kenya ilikiri wazi kwamba mishahara ya mijini ilikuwa imepimwa kwa mtu mmoja aliye mseja, ikapendekeza ipande kwa hatua hata itoshe jamaa. Bandarini makuli waliandikishwa, na kila aliyeandikishwa akapewa idadi ya chini ya siku za kuhudhuria kwa mwezi. Asiyeitimiza alifutwa daftarini. Mwaka 1955 makuli waligoma, Tom Mboya akaingia kati, na uamuzi uliotoka ukawapa nyongeza ya asilimia 33.

Ujira ulipanda, na hofu ya langoni ikapungua kwa waliobaki daftarini. Hayo ni mema makubwa, wala hayafai kudharauliwa na mtu ambaye hajapata kusimama gizani akingoja kuchaguliwa. Lakini wale watu wa vijijini waliokuwa wakija siku chache na kurudi kwao walitoweka bandarini. Walitakiwa wachague, na katika uchaguzi huo hapakuwa na fungu la katikati. Kazi nzuri ya mjini ilikuwa sasa kazi ya siku zote, na anayetaka siku zake atafute pengine pa kuzitumia.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yamemtaja mwanamume, kwa sababu daftari lilimtaja yeye. Mshahara wa mseja ulikuwa na maana kwamba kuna mtu mwingine, mahali pengine, anayeifanya kazi isiyolipwa. Mke aliyebaki Ukambani au Rabai alilima, akachota maji, akauguza wakwe, akazaa na kulea, na shamba lake ndilo lililomwezesha mwajiri wa Mombasa kulipa kidogo. Wanawake wa mjini walikuwa na kazi zao: walisuka ukili na kushona mikeka, walidarizi kofia, walipika vyakula vya kuuza alfajiri kwa makuli hao hao, na walipangisha vyumba. Katika Pumwani ya Nairobi sehemu kubwa ya wenye nyumba wa mwanzo walikuwa wanawake waliojenga kwa akiba zao. Siku ya kazi ya mwanamke haikuwa na lango wala kengele, kwa hiyo haikuwa na mwisho. Ofisa hakuwahi kumwita mvivu, maana hakumhesabu.

Je, alivutia pumzi wapi? Swali hili lina majibu ambayo wanachuo wa zamani waliyaona kuwa mambo ya mchezo. Mombasa na Lamu wanawake walikuwa na vyama vya lelemama, wakashindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, na vyama hivyo vilikuwa pia mahali pa kusaidiana katika msiba na arusi. Wanaume walikuwa na beni, ngoma ya gwaride iliyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara pamoja na askari na makarani. Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti, na ndani yake mchukuzi wa mizigo aliweza kuwa jemadari jioni, akavaa nishani, akasikilizwa. Serikali ilikuwa na wasiwasi juu ya beni, na wazee wengine waliiona ni upuuzi wa vijana. Vyama hivyo viliwazika watu na kuwatazama wagonjwa wasio na jamaa mjini. Na mtu aliyepitwa na mnyapara asubuhi, kisha akapigiwa saluti usiku, hakulala na moyo ule ule.

Unguja ilikuwa na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya watu wanyonge, akawa muuza vyungu anayekwenda mjini kwa miguu na mzigo kichwani, na sauti yake ndiyo iliyowafahamisha wanunuzi kwamba amefika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Mashuhuri hayo yanajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba watu wa Ng'ambo, vibarua, wachukuzi na wauzaji wadogo wadogo, wake kwa waume, walikusanyika usiku kumsikiliza akiimba habari walizozijua wenyewe, za dhuluma, za mahakama na za mapenzi, kwa Kiswahili cha mitaani kwao. Taarabu ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu na haikuwa yao. Mtu huliwazwa anaposikia uchungu wake ukitajwa kwa lugha yake.

Na palikuwa na pepo. Kiswahili kina neno moja, kupunga, la kupunga upepo jioni na la kupunga pepo mwilini, na ujirani huo wa maneno si wa bure. Mwanamke aliyeelemewa, asiyeweza kusema mbele ya mume au wakwe kwamba amechoka na kwamba moyo umeingia giza, pepo aliweza kulisema kwa kinywa chake. Pepo alidai nguo mpya, manukato, ngoma ya siku kadhaa, na kwamba mwenye kiti chake asitumwe kazi. Jamaa waliokataa kumsikiliza mwanamke walimsikiliza pepo. Msomi anaweza kuwa na shaka juu ya pepo, lakini hawezi kuwa na shaka juu ya zile siku za mapumziko zilizopatikana kwa jina lake.

Swali la nyumba na kazi lilipata jibu jingine mbali na pwani, ingawa kwa Kiswahili. Katika migodi ya shaba ya Katanga, kampuni ya Union Minière iliona mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba kuleta wachimbaji wapya kila mara, wanaokuja bila wake na kurudi makwao mkataba ukiisha, ni hasara. Ikachagua kumleta mtu pamoja na mkewe, mkataba wa miaka mitatu, nyumba kambini, posho ya chakula kwa mke na kwa kila mtoto, zahanati na shule. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Kwa sura ya nje, hapa palikuwa na kila alichokikosa kuli wa Mombasa. Lakini posho ya mke ilipitia mikononi mwa kampuni, watoto walipimwa uzito na wauguzi wa kampuni, na aliyetoka kazini alitoka nyumbani pia, kwa kuwa nyumba haikuwa yake. Mombasa mwajiri alitwaa siku na kuiacha nyumba ijitafutie. Katanga aliitwaa nyumba pamoja na siku. Desemba 1941 wachimbaji waligoma kwa sababu ya ugumu wa maisha ya wakati wa vita, na askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, uliokuwa Élisabethville wakati huo. Walioanguka walikuwa watu wenye posho, zahanati na nyumba.

Na katika kambi za namna hiyo hiyo, karibu na Kolwezi, likatokea mwaka 1953 jambo ambalo lingewashangaza maofisa waliosema kwamba mfanya kazi wa Kiafrika ana haja ya mshahara na chakula peke yake. Padri Placide Tempels, Mbelgiji, aliyejulikana kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alianza kukutana na wachimbaji na wake zao, na mikutano hiyo ikazaa chama kilichoitwa Jamaa. Kisa cha chama hicho ndani ya kanisa si cha mahali hapa. Linalotuhusu ni mazungumzo yake: mume na mke, baada ya zamu ya mgodini, waliketi na wengine wakazungumza juu ya mambo matatu waliyoyaita uzima, uzazi na mapendo. Wachimbaji waligundua kwamba walikuwa wakiishi na wake zao miaka mingi bila kusemezana. Kambi iliwapa nyumba. Maneno ya kuijaza walijitafutia wenyewe.

Waganga wa serikali walikuwa wapi katika habari hizi? Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, nayo mwanzoni mwa karne ya 20 yaligeuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Nairobi ilipata hospitali yake, Mathari, mwaka 1910. Tangu 1938 hadi 1950 mkuu wa Mathari alikuwa Daktari J. C. Carothers, na kwa maarifa aliyoyapata humo aliliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka mwaka 1953, juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Alifundisha kwamba ugonjwa wa huzuni kuu ni haba kwa Waafrika, na akailinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Maneno hayo yamekwisha kukanushwa na wataalamu wa baadaye, na kuyarudia kwa hasira hakuna faida. Kosa lake la hesabu ndilo la kujifunza. Carothers alihesabu waliofikishwa Mathari, na aliyefikishwa Mathari alikuwa mtu aliyefanya fujo: aliyepiga watu, aliyevua nguo sokoni, aliyemtisha bwana wake. Kuli aliyekaa kitandani Majengo akiutazama ukuta, asile wala asiseme, hakumsumbua polisi yeyote. Ndugu zake walimchukua wakampandisha basi kwenda kwao, au mganga akamtazama, au akafa. Mke wa Rabai aliyelia usiku akaamka kulima hakuwa mgonjwa wa mtu. Huzuni ya kimya haikuingia daftarini, na kwa kuwa haikuingia daftarini ikasemwa kwamba haipo. Ni hesabu ile ile iliyomwita kuli mvivu kwa siku zake za kazi, bila kuuliza siku nyingine alikuwa wapi.

Uhuru ulipokuja, wengi walitazamia kwamba jambo la siku na moyo limekwisha. Tanzania ilikuwa na Azimio la Arusha la 1967, na viwanda vikubwa vilikuwa mikononi mwa umma. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikakataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Huenda waliokiandika hawakukadiria nguvu yake. Kwa miaka miwili iliyofuata wafanya kazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikishika kifungu hicho mkononi na kuacha kazi mara kwa mara, na katika migomo hiyo madai ya mshahara mara nyingi yalikuwa nyuma ya madai mengine: meneja ametutukana, ametufungia lango, anatusemesha kama watoto. Baadhi yao walimtoa meneja nje wakaendelea na kazi wenyewe. Serikali ilivumilia kwa muda, kisha ikachoka, na wengine wakafukuzwa. Hata hivyo, iliandikwa hadharani kwa mara ya kwanza katika nchi hizi kwamba mtu anaweza kuumizwa kazini na neno, na kwamba maumivu hayo ni jambo la watu wote.

Sheria za karne hii ya 21 zimeipima siku kwa uangalifu zaidi. Ile ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku, na imempa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 na baba siku 3, tofauti ambayo yenyewe yaonyesha ni nani anayedhaniwa kuwa mwenye nyumba. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 imemweleza kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Maelezo ambayo mwenye sandarusi wa Unguja miaka 150 iliyopita angeyatambua mara moja, ila kijikaratasi tu. Neno nalo limeendelea na safari yake. Waziri akiondolewa madarakani, au meneja wa benki akiachishwa kazi, watu husema kibarua chake kimeota nyasi, ingawa hakupata kusimama langoni hata asubuhi moja, na mshahara wake ulikuwa wa mwezi.